Vinundu Chini ya Ukaya

Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alinichagua mimi nimwoshe kichwa kwa sababu alinidharau. Aliniambia hivyo mwenyewe, Ijumaa ya kwanza asubuhi, baada ya kufunga mlango wa chumba cha ndani kwa komeo. Mwanamke aliyekuwa akimwosha na kumsuka kwa miaka mingi alikuwa amefariki wiki iliyotangulia. Mavyaa hakutaka binti yake mwenyewe ajue. Majirani hawafai, na jamaa ndio hawafai kabisa.

"Wewe huna mtu hapa Amu," akasema. "Hata ukitaka kusema, utamwambia nani?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeolewa miezi minane tu. Nilitoka kwetu Faza nikiwa na miaka kumi na saba, nikaletwa huku mji wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, katika nyumba ya mawe yenye kuta nene na vyumba vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine, hata ukifika kile cha mwisho hujui kama nje kuna jua au mawingu. Mume wangu alikuwa mshona kanzu, mtu mpole, mpole kupita kiasi. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Nyumba ilikuwa ya mavyaa, na kila kilichokuwamo kilikuwa cha mavyaa, kuanzia mitungi hadi mwanawe.

Tangu siku ya kwanza hakunipenda. Kwao walikuwa watu wa mji, wenye nyumba tatu na shamba la minazi, na mwanawe alinioa mimi kwa sababu baba yake, kabla ya kufa, alikuwa amempa baba yangu ahadi. Nilipochota maji kwenye mtungi aliniamuru nioshe mikono kwanza, kisha nirudie, kwa kuwa alidai ninanuka shombo. Niliposema "chitwa", yaani kichwa, kwa Kitikuu, lahaja yetu ya Faza, alimwita binti yake aje asikie, nami nikalazimishwa kurudia. Nilijifunza kusema "kitwa" kama wao, na hapo akasema najifanya mtu wa Amu.

Basi Ijumaa ile aliniwekea Msahafu mapajani, kisha akaketi kwenye kibao, akanipa mgongo. Akaniapisha kwamba nitakachokiona hakitatoka mle chumbani. Niliapa. Sikujua naapia nini. Kisha akafungua ukaya wake, ile shela nyepesi aliyojifunga kichwani usiku na mchana, hata tulipokuwa wanawake peke yetu.

Nilidhani nitaona upara, au mba. Niliona vinundu. Nilivihesabu baadaye, nilipozoea: vilikuwa saba. Vingine vilikuwa vidogo kama mbegu ya mbaazi, vingine kama kungumanga, na kimoja, nyuma ya sikio la kushoto, kilikuwa kikubwa kama ndimu. Vilikuwa vya mviringo, vigumu kidogo, vyekundu-vyekundu, na ngozi yake ilikuwa laini inayong'aa, haina hata unywele mmoja. Nywele zake nyeupe zilipita katikati yavyo kama vijia. Mishipa myembamba ya damu ilionekana juu ya kile kikubwa.

Nadhani nilishusha pumzi kwa nguvu, maana alinigeukia.

"Tazama vyema, ukinai," akasema. "Kisha shika kazi."

Alinielekeza jinsi ya kufanya: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa na si vidole, kisha mafuta ya ufuta, kisha kitana cha mti chenye meno mapana, nizunguke vinundu na nisipite juu yake. Nilipopita juu ya kimoja kwa bahati mbaya kilitoa damu. Alininyang'anya kitana akanipiga nacho kwenye vifundo vya mkono. Halafu akanirudishia, nikaendelea.

Tulikwenda hivyo kila Ijumaa kwa mwaka na zaidi. Mtu anaweza kufikiri kwamba kazi kama ile huwaleta karibu watu wawili. Haikutuleta karibu. Alinichukia zaidi kwa kuwa nimemwona, na mimi nilimchukia kwa kuwa nililazimika kumshika. Wakati mwingine, nikimmiminia maji, niliyaacha yawe ya moto kuliko alivyotaka. Yeye hakupiga kelele. Aliingoja siku ya pili, aionje sahani ya chakula changu mbele ya mwanawe, kisha aisukume upande bila neno.

Kidogo kidogo, kwa vipande, nilijua habari yenyewe. Mama yake alikuwa navyo, na dada mkubwa wa mama yake pia. Vilianza kimoja kimoja, uzazi ulipokoma au kabla kidogo, vikaongezeka na umri. Haviumi, isipokuwa vikigongwa. Yule dada wa mama yake vilimjaa mpaka alionekana kama amevaa kilemba cha nyama. Watu wa wakati wake walisema ni ukoma, wengine wakasema amerogwa na mke mwenza, na alimaliza siku zake amefungiwa chumba cha juu, chakula kikipitishwa mlangoni. Mavyaa alikuwa mtoto alipoyaona hayo. Alipoanza kuvihisi vyake mwenyewe, tayari alikuwa ameolewa na amezaa watoto wawili. Alijifunga ukaya na hakuufungua tena mbele ya mtu, hata mbele ya mume wake. Hayo alinieleza kwa hasira, kana kwamba ni mimi niliyemfungia yule bibi.

Sababu ya kuficha haikuwa yeye tena. Ilikuwa binti yake, wifi yangu. Alikuwa na miaka ishirini hivi, mwenye sura nzuri na ulimi mkali, na alikuwa ameposwa na nyumba kubwa kuliko yao. Watu wa upande wa mume walikuwa waangalifu. Waliuliza juu ya nasaba, juu ya tabia, juu ya maradhi. Mavyaa alijibu yote kwa uso mkavu. Wifi mwenyewe hakujua lolote. Alidhani mama yake anajifunga ukaya kwa uchaji.

Mwaka ule kile kinundu cha nyuma ya sikio kilianza kuharibika. Kilikua haraka, kikaanza kuziba tundu la sikio, akawa hasikii vizuri upande ule. Kisha kikapasuka juu, kikatoa majimaji yenye harufu. Mavyaa alifukiza udi asubuhi na jioni. Nilimwambia aende hospitali ya serikali, kwamba kuna daktari Mhindi ambaye watu wanamsifu. Aliniuliza kama nataka avuliwe ukaya mbele ya mwanamume asiyemjua, halafu karani aandike, halafu mji mzima usome. Nilimwambia kitaoza. Akasema na kioze, mradi binti yake awe ameshaingia kwa mumewe.

Wakati huohuo mimi nilikuwa na mimba. Ilikuwa ya kwanza. Ilitoka mwezi wa tatu, siku ya kawaida kabisa, nikiwa natwanga mpunga kiwandani, ule uwazi wa katikati ya nyumba. Mume wangu alilia. Mavyaa alikuja mlangoni, akanitazama kitandani, akauliza nani atapika mchana.

Haikupita wiki mbili, wanawake wa upande wa mposaji wakaja kunywa kahawa na kupanga siku ya kufunga ndoa. Walikuwa wanne, na mkubwa wao alikuwa shangazi wa bwana arusi, mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Nilikuwa bado natokwa damu kidogo, lakini nilipewa kazi ya kupitisha vikombe. Chumba kilijaa moshi wa udi. Yule shangazi alinitazama tumboni, akauliza kwa upole kama tuna habari njema.

Mavyaa akajibu badala yangu. Alisema habari zilikuwapo zikamwagika. Alisema tumbo la watu wa Faza halishiki kitu, na kwamba amekwisha kumwambia mwanawe kwamba atamtafutia mke mwengine, mtu wa mji. Alisema haya huku nimeinama mbele yake na sinia.

Nililiweka sinia chini. Nakumbuka nililiweka taratibu, hata kikombe hakikulia. Halafu nikamwambia yule shangazi, kwa sauti ya kawaida:

"Mwulizeni ana nini kichwani. Ana vinundu saba, na kimoja chaoza. Mama yake alikuwa navyo, na huyu mnayemposa atakuwa navyo."

Mavyaa hakukanusha. Mkono wake ulipanda ukashika ukaya nyuma ya sikio, na mkono ule ulikuwa jibu la kutosha. Wageni walimaliza kahawa yao. Walikuwa watu wa adabu. Waliuliza habari za shamba, wakaaga, wakavaa mabuibui yao mmoja mmoja ukumbini. Kabla ya juma kwisha ilikuja salamu kwamba kijana amepata safari ya Mombasa na hajui atarudi lini. Kila mtu alielewa.

Lakini siku ileile, mlango wa nje ulipofungwa tu, wifi yangu alitoka chumba cha ndani alikokuwa akisikiliza. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akaushika ukaya akauvuta. Mavyaa alijaribu kuuzuia, kisha akauachia. Wifi alitazama kwa muda mrefu. Aligusa kile kikubwa kwa ncha ya kidole. Kisha akaja kwangu akanipiga kofi mpaka nikaona giza, akarudi kwa mama yake akamwambia kwamba kesho watakwenda hospitali, kwa kuwa sasa hakuna tena kitu cha kuficha.

Mume wangu alipoambiwa alisema ataniacha. Aliyasema yale akitetemeka, na nilimwamini. Nilianza kukusanya nguo zangu. Aliyekataa ni mavyaa.

"Humwachi," akamwambia. "Ukimwacha atakwenda na habari hizi Faza yote. Akae hapa hapa, mbele ya mato yangu."

Hivyo ndivyo nilivyobaki na ndoa yangu.

Asubuhi walijitayarisha kwenda hospitali, mama na binti. Mavyaa alikuwa amejifunika hadi pua. Akiwa mlangoni aliniamuru nivae buibui niende nao. Wifi akasema hanitaki. Mavyaa akasema huyu ameshaviona, na hataki mtu mwingine avione zaidi ya wanaohitajika. Kama kuna wa kushika beseni, na alishike huyu mwenye ulimi.

Daktari alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, aliyezungumza Kiswahili cha taratibu. Alimfunua mavyaa kichwa, akavishika vinundu kimoja kimoja, akavibonyeza, akaviangalia kwa kioo cha kukuza. Nilitegemea achukizwe. Alikuwa kama mtu aliyekutana na rafiki aliyemsoma katika barua tu. Alisema kwamba katika maisha yake yote ya udaktari amewahi kuona kichwa cha namna ile mara moja, alipokuwa mwanafunzi, na kile hakikuwa na vinundu vilivyokamilika kama hivi. Mavyaa alimuuliza kama anamwona ni ngoma ya kutazamwa. Daktari akaomba radhi.

Kisha akatueleza. Alisema ni vimbe za ngozi, zinaanza kwenye visima vidogo vya jasho au vya nywele, wanachuoni wenyewe hawajakubaliana. Huja kwa watu wazima, wanawake zaidi kuliko wanaume, na huandamana na ukoo. Si ukoma. Si saratani, ingawa kile kilichopasuka atakipeleka kuchunguzwa ili awe na yakini. Haviambukizi hata kwa watu wanaolala kitanda kimoja. Akasema vikubwa vitatu atavikata, vidogo atavichunga, na kwamba huenda baadaye vikaota vingine.

Wifi akauliza swali lake moja tu.

"Na mimi?"

Daktari alimtazama. Alimwambia huenda vikamtoka, huenda visimtoke, Mungu ndiye ajuaye. Lakini vikimtoka, asivifiche miaka mingi, aje vikiwa vidogo kama mbegu. Wifi alikubali kwa kichwa. Mavyaa alitazama ukuta.

Walimnyoa nywele zote. Walimchoma sindano za ganzi kuzunguka vinundu, na hizo ndizo zilizomuuma. Wifi aliona damu ya kwanza akatoka nje, nikabaki mimi na beseni. Wakati daktari akikata, mavyaa alinishika mkono juu ya kiwiko. Alinishika kwa nguvu kiasi kwamba kucha zake ziliacha alama nne zilizokaa siku nyingi. Nilidhani anatafuta msaada, nikawa nataka kumwambia neno la kumtuliza. Aliniwahi.

"Usidhani nimekusamehe," akasema, midomo yake haikufunguka sana.

"Sikuomba," nikamjibu.

Daktari akatuambia tunyamaze. Alikitoa kile kikubwa kizima, kimezungukwa na utando wake, akakiweka kwenye beseni nililoshika. Kilikuwa kitu kidogo. Nilishangaa jinsi kilivyokuwa kidogo kikiwa peke yake.

Majibu ya uchunguzi yalikawia miezi miwili, na yalikuja kama daktari alivyosema: hakukuwa na saratani. Sikio lilifunguka. Kidonda kilipona vizuri, isipokuwa sehemu moja iliyoacha kovu la kuvuta ngozi. Mavyaa aliendelea kuvaa ukaya, lakini hakufunga tena komeo akioshwa, na kazi ile aliichukua wifi. Miaka minne baadaye vikaota vingine viwili, akarudi hospitali mwenyewe, bila kumwambia mtu, akarudi na bandeji.

Mji ulisema, kama alivyohofu. Ulisema kwa msimu mmoja, kisha ukapata jambo jingine. Hakuna aliyemfungia chumba cha juu. Jambo hilo, nafikiri, lilimuudhi kuliko yote, kwamba ule woga wa miaka mingi uligeuka mazungumzo ya wiki chache. Lakini hakuna mposaji aliyekuja tena nyumbani kwetu kwa miaka sita.

Mimi nilifunga siku tatu kwa ajili ya kiapo nilichovunja, kama nilivyofundishwa. Kufunga ni kwepesi. Nilizaa watoto watatu katika nyumba ile, wote wavulana, na mavyaa aliwapenda mbele yangu makusudi, akiwaita na kuwapa vitu na kuwaambia mambo ambayo mimi sikuambiwa. Na mimi hakunisemesha moja kwa moja. Akitaka chumvi alimwambia mtoto amwambie mama yake. Tuliishi hivyo, chini ya dari moja, na nakiri kwamba sikujitahidi kuubadilisha mwenendo ule. Hata mimi nilikuwa na chuki yangu, na niliitunza. Nilipolala nilikumbuka yale aliyoyasema mbele ya wageni, na nilipoamka nilikuwa bado nayakumbuka.

Wifi aliolewa hatimaye na mwalimu wa chuo cha Kurani, mjane, mtu wa Kiwayu. Kabla ya kukubali alitaka kusema naye. Alisimama nyuma ya mlango, kaka yake akiwa ameketi na yule bwana ukumbini, na alimweleza kwa kinywa chake mwenyewe habari za kichwa cha mama yake, na cha bibi yake, na kwamba huenda na yeye siku moja. Nilikuwa jikoni, nilisikia kila neno. Yule bwana aliuliza kama vinauma. Wifi akasema haviumi. Bwana akasema basi.

Mavyaa alipougua ugonjwa wake wa mwisho, ambao ulikuwa wa kifua wala haukuhusiana na kichwa, watu walikuja kuombana radhi naye kama ilivyo ada. Nilingoja mpaka chumba kikawa kitupu. Nilikaa karibu na kitanda, nikasema, "Mama, niwie radhi." Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja kumsemesha bila kupitia kwa mtoto.

Alikohoa, akavuta shuka hadi kifuani.

"Langu nimekusamehe," akasema. "La mwanangu wa Kiwayu si langu. Mwendee mwenyewe."

Sikumwendea mara moja. Nilijipa sababu: watoto, mvua, eda za jamaa. Mwaka wa pili baada ya mazishi nikapanda mashua inayopeleka mizigo Kiwayu. Wifi alinipokea kama anavyopokelewa mgeni. Alikuwa amenenepa, ana watoto wawili wa kike wanaokimbia uani. Aliniletea maji ya kunawa, akaniletea wali na samaki. Nilipoanza kusema nililojia, akanikatiza.

"Kula kwanza, wifi."

Nilikula. Aliondoa sahani mwenyewe, akarudi akaketi mbele yangu, akapanga leso yake mapajani.

"Yule mposaji wa kwanza sikumtaka," akasema. "Nilikuwa natafuta ndia ya kumkataa. Lakini wewe hukulijua hilo ulipofungua kinywa."

Nilimwambia kweli, sikulijua.

"Basi usilichukue kujipoza nalo."

Nilisema sitalichukua. Nilimuuliza kama ananisamehe. Aliwatazama watoto wake uani, akasema atafikiri. Jioni akaniwekea mto na shuka katika chumba cha wageni, na asubuhi akanisindikiza hadi kwenye mashua, tukazungumza habari za bei ya makuti ya kuezekea na za mwanangu wa mwisho aliyekuwa akianza shule. Tulipoagana hakuninyima mkono. Jibu alilotaka kulifikiria hakunipa siku ile, wala sikumkumbusha.